Lami Yako, Mchanga Wangu

Kaka Fideli,

Nimeolewa! Nilitaka nianze kwa salamu kama tulivyofundishwa shuleni, lakini neno hilo ndilo limenijaa mdomoni. Nimeolewa na Elia, yule seremala wa Kanazi uliyemwita Bwana Taratibu kwa sababu anatembea kama mtu aliyebeba mayai. Kaka, ananipenda! Akirudi jioni ananukia mninga, na hakosi zawadi mfukoni: karanga, pipi, siku moja kijiko cha mti alichokichonga mwenyewe. Nacheka hovyo siku nzima. Halafu nikienda kwa Mama naliona koti lako kwenye msumari, kicheko kinanikwama.

Maana hatukukusubiri. Unajua mila yetu: mpaka familia iganduke, imalize msiba kwa pombe ya mtama, hakuna harusi. Baba Mkubwa alitaka kwanza ukomae mtama wako wa Kibimba, ule ulioupanda kabla figo hazijakuondoa duniani. Mimi nikanuna. Nikasema Elia atachoka kusubiri, wakati Elia mwenyewe hajalalamika hata siku moja. Wakanihurumia. Mtama ukanunuliwa sokoni, pombe yako ikapikwa kwa mtama wa watu. Baba Mkubwa alionja, akauweka mrija chini, akasema tu, "Haya. Tumeganduka." Wako ulikomaa nikiwa nimeshahamia kwa mume. Mama akauvuna peke yake.

Na bado akanipa ufunguo wa gari lako. Siku ya kuniaga aliufungua kwenye pindo la kitenge, akautia kiganjani mwangu. Nikasema siwezi. "Gari halikai matanga, mwanangu. Linaliwa na kutu." Nikaupokea, Kaka. Niliupokea upesi kuliko ilivyofaa.

Basi Elia aliponiuliza nataka kutembea wapi baada ya harusi, nikajikuta nimeshasema: Chalbi. Jangwa lako.

Unakumbuka ile siku Nyakanazi, lori lako limepaki, sisi tunakula ugali na samaki kwa mama ntilie? Ulikuwa umetoka kushusha mzigo kaskazini ya Kenya. "Ardhi nyeupe, tambarare mpaka macho yanachoka. Hakuna hata mgomba mmoja wa kukufariji." Ukasema tutakwenda wenyewe, kwa gari lako, si kwa lori, wewe na mimi na madumu ya maji tele. Nikauliza kwa nini ubebe madumu yote hayo, si tutachota maji njiani? Ulicheka mpaka mama ntilie akaja kutazama. "Mama, huyu kazaliwa kwenye chemchemi, anadhani dunia nzima inavuja!" Tukagawana usukani palepale: lami yako, mchanga wangu. Ndiyo maana ulinifundisha kuendesha kwenye mchanga wa kando ya mto, matairi tumeyapunguza upepo, wewe unapiga kelele, "Usikanyage breki! Liache lielee!"

Juzi mimi na Elia tulikaa na ramani kwenye simu. Biharamulo, Geita, tuvuke ziwa kwa daraja jipya, Mwanza, Sirari, halafu Nakuru, Isiolo, Marsabit, na hapo tunaiacha lami. Tukapanga matairi mawili ya akiba, pampu, kibali cha kuvusha gari mpakani, na mwenyeji mwenye gari la pili, kwa sababu ulisema kule gari moja haliendi peke yake. Nikamuuliza, na maji? Akajibu bila kuinua kichwa, "Tutachota njiani, mpenzi."

Nilicheka. Kilikuwa kicheko chako, Kaka, hadi kupiga meza. "Na huyu naye kazaliwa kwenye chemchemi!" Sikufika mwisho. Nililia mpaka Elia akapiga magoti akidhani amenikosea. Nikamwambia yote, mtama, pombe, haraka yangu. Nikasema tusiende, safari hii ina mwenyewe.

Alinyanyuka taratibu, unamjua. Kisha akauliza, "Mlikubaliana nani aendeshe mchangani?"

"Mimi."

"Basi huko sitagusa usukani."

Sijui kama hilo linanipunguzia kosa. Sidhani. Jumapili nilikwenda Kibimba nikamsaidia Mama kupiga ule mtama, tukautenga wa kupikia pombe. Hatutaondoka kabla haijaiva. Nakuahidi. Baba Mkubwa atakuja, na mrija wako utakuwa chunguni pamoja na yetu.

Pumzika, kaka yangu. Nikifika kwenye weupe ule nitazima injini, kama ulivyosema, nisikie ukimya. Sitakudanganya kwamba nitakuwa nimeacha kujilaumu. Nitakuwa na furaha pia, nisamehe, nampenda sana huyu mtu. Madumu tumeshayapanga nyuma ya gari. Elia ameyaangalia, akauliza mbona yamezidi.

Nimeweka maji ya watu watatu.

Mdogo wako,
Domina