Tableti ya Chumbani kwa Bibi Harusi

Msambweni,
Kwale.
Jumapili, 9 Novemba 2025.

Mpendwa kaka Abdulrahim,

Shikamoo, na salamu nyingi kutoka nyumbani. U hali gani na joto la huko Maskati? Shemeji Mwanakombo hajambo? Sisi tu wazima, alhamdulillahi. Goti la Mama limepoa, sasa anatufokea akiwa amesimama.

Ujumbe wako nimeupata. Unakwenda dukani Ijumaa, na umeshaamua kuninunulia laptopu ile inayojikunja nyuma mpaka ikawa kama tableti, ati tableti ni mchezo wa watoto. Kaka, nakuheshimu, lakini hapo umeteleza. Nunua tableti ile ambayo kibodi yake inachomoka. Usinune, soma kwanza.

Kazi yetu unaijua. Dada Zainabu anapaka hina, mimi namchorea maua kwenye kioo cha simu, bibi harusi achague. Shule niliikimbia kidato cha pili, ndiyo, lakini wewe na digrii yako huwezi kuchora hata jani moja la maua yangu. Shida ni kwamba mabibi harusi wameanza kutukimbia, wanakwenda saluni za Ukunda. Mimi mwanamume siingii chumbani kwa wanawake, na kwenye simu ya Zainabu maua yangu yanaonekana kama wadudu. Chombo utakachonunua lazima kiingie kule ndani bila mimi. Tukikosea, Zainabu atabaki kujipaka hina mwenyewe.

Wala sibahatishi. Jirani yetu Owen, yule wa bara anayefanya kazi mapokezi hotelini Diani, anayo laptopu kama hiyo uipendayo. Nikaiazima kwa harusi moja ya Kombani. Zainabu akaikunja, akaingia nayo. Sasa kaka, ukiikunja ile, herufi zote zinageukia chini. Wakailaza mkekani, pale pale penye bakuli la hina. Ilipotoka, kibodi ilikuwa imepakwa vizuri kuliko bibi harusi.

Owen akaigeuza, akanitazama. "Buda, kwani ni laptop yangu imeolewa?"

"Imependeza lakini," nikamwambia.

Mkewe Jacinter alicheka mpaka akakaa chini. "Chande, siku nyingine chukua tableti yangu. Hii iachie fungate yake."

Nimezisugua zile herufi mpaka vidole vimeuma, na bado zina wekundu.

Basi juzi ikaja harusi ya Husna, mjukuu wa Bi Mwanasha, hapa hapa Msambweni. Nikaichomoa kibodi ya tableti ya Jacinter, nikabaki nayo barazani nimeikumbatia kama karani wa chifu. Kioo peke yake kikapita pazia. Ni chepesi, Husna akashikiwa mbele ya uso, akachagua. Hina ikakirukia, ikafutwa kwa ncha ya kanga, basi. Mara mkono wa Zainabu ukatoka paziani na kile kioo.

"Anataka asumini ipande mpaka kiwikoni."

Nikachora, nikarudisha. Mkono ukatoka tena.

"Sasa anataka na mguuni."

"Mwambie asubiri, fundi ni mmoja!"

"Fundi, nyamaza uchore."

Sikufichi, ukiiweka mapajani ile kibodi inayumba. Nitatafuta meza. Lakini ukishairudisha mahali pake unaandika kama ofisini. Hata barua hii nimeipiga humo, sijui kama umeona maneno yalivyonyooka.

Ngoja nikupe lililo tamu. Hina ilipokwisha, nikamsikia Bi Mwanasha akiuliza kule ndani, "Nani aliyechora haya?" Zainabu, ambaye hajawahi kunisifu hata kwa bahati mbaya, akajibu kwa sauti, "Ndugu yangu, Chande." Vigelegele vikapigwa, kaka! Nami niko peke yangu barazani, nikajitia kukohoa.

Tangu hapo wamekuja mama wawili, mmoja kutoka Vanga, kumwomba Zainabu awapakie binti zao. Wote wawili wamesema neno lile lile: aje na yule kijana wake wa barazani. Kwa hiyo Ijumaa usiniaibishe.

Msalimie sana shemeji na watoto. Mama na Zainabu wanakusalimu, na Owen pia, ijapokuwa bado amevimba. Mwenyezi Mungu akulinde ugenini na akurudishe kwetu na afya yako.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye, fundi,
Chande