Kofia ya Stambuli

Mkuyuni. Kwa mdogo wangu Hidaya, Dumila.

Marahaba! Najua shikamoo umeshaitoa kabla hata barua haijafunguliwa. Mguu vipi, uvimbe umeshuka? Sisi huku wazima, migomba inazaa, na mimi bado mzuri wa sura. Anayeandika ni Mikidadi, mwalimu wa chuo cha Kurani. Nimemwonya asinipunguzie hata neno.

Nasikia habari za matanga ya mwanao Stambuli, uliyoyakosa kwa mguu huo, zimefika huko zimeharibika. Wengine wanasema jumbe Maneno alichukuliwa na majini, wengine wanasema nilimroga mimi. Waongo wote! Mimi nilikuwepo, tena mbele. Nisikilize mimi.

Unajua jumbe alipoambiwa na Wadachi atoe vijana wa kwenda vitani, alimficha mwanawe Furaha kwa wakwe huko milimani, akamkamata Stambuli wetu shambani, jembe mkononi. Nilimwendea nikamwomba. Akanijibu kwamba kijana ana kifua kipana, risasi itaona aibu. Akacheka. Kile kicheko nikakiweka.

Risasi haikuona aibu. Mwenzi wa Stambuli vitani, aliyerudi hana mkono, alikuja kutuambia kwamba mwanao aliuawa huko Kilimanjaro akimburuta yeye kumtoa kwenye moto wa bunduki. Walimzika hukohuko. Basi nikaweka matanga hapa kwangu, maana mjomba wake ni mimi na nilimlea.

Sasa, ukoo wa jumbe na wetu ni watani, na kazi ya mtani unaijua: siku ya kuanua matanga avae nguo ya marehemu, amwigize, mpaka wafiwa wacheke. Nikamtumia salamu: mtani, njoo utufute machozi, kofia ya marehemu imefika. Akatae, ataitwa nini? Akaja na kanzu yake nyeupe, mashavu yanang'aa mafuta. Nikamvika kofia ya askari, ile ya kaki yenye ndege tai mbele. Akapiga gwaride uani, tumbo linatangulia, miguu inafuata. Watu walicheka mpaka wakalia. Nikamwambia, mtani, Stambuli wetu hakuishia uani, yeye alifika barabarani. Akatoka barabarani.

Siku hiyo niliichagua mimi. Ilikuwa siku ya soko, na siku ya soko askari wa doria hupita kutafuta watoro wa vita. Ombasha, mkuu wa doria ile, akaliona lile zee limevaa tai wa Kaizari, akalikaba. Jumbe akapiga kelele kwamba yeye ni jumbe, huu ni utani tu. Ombasha mtu wa mbali, utani wetu ataujulia wapi? Akampiga kofi, kofia ikaanguka nikaiokota. Akatuuliza kama tunamjua mtu huyu. Watu wakanigeukia. Mimi nikasema namjua sana, ni Stambuli, katoroka vitani. Jumbe akanitukana mpaka mama yetu. Nikamwambia mtani hakasiriki, na kwa kifua kipana kama chake, mzigo utaona aibu.

Wakamtwisha sanduku la risasi palepale, wakashika njia ya Ngerengere. Hajarudi. Furaha keshashuka milimani, huja kila asubuhi kuniuliza baba yake yuko wapi. Namwambia angoje, kama dada yangu alivyongoja. Hidaya, nalala usingizi mzuri.

Umeomba nikutumie ile kofia uilalie. Siitumi. Mikidadi kasimamisha kalamu ananitazama, nimemwambia andika. Kofia si ya mwanao. Hakuna kitu chake kilichorudi, hata kifungo. Ile nilimpa mtoro mmoja mkungu wa ndizi akaniachia, nikazua kwamba ni ya marehemu ili jumbe aingize kichwa. Mengine yote kweli. Hilo moja nililitunga.

Anayekuletea barua anakuletea na mpini wa jembe. Huo ndio aliokuwa nao shambani siku ile. Umepinda, alichonga vibaya, nami nilimcheka sana. Ushike pale palipolainika. Hapo ndipo ulipokuwa mkono wake.

Nisalimie shemeji, mwambie matanga yameanuliwa, bado namdai kucheka.

Ni mimi kaka yako, Shomari.