Lundo la Bi Mkubwa

Jumatatu, 3 Februari 2025
Mize kapondeka mkono. Wa kulia — wa nyundo. Jiwe liliteleza machimboni, sote tukasikia. Wakamkimbiza hospitali kwa bodaboda. Mize ni mke mwenzangu, yeye bi mkubwa, mimi bi mdogo. Tangu tumzike Silima, mume wetu, hatusemezani, na kila siku tunavunja kokoto tukipeana mgongo. Leo nimemlilia mpaka wenzangu wakashangaa.

Jumanne, 4 Februari
Kheir, msimamizi, kapita na amri. Lundo lisilokua mpaka Jumamosi, mwenyewe anapoteza nafasi. Nyumba mpya za Fumba zinasubiri kokoto, hazisubiri mikono ya watu. Hata hali ya mgonjwa hakuuliza. Mize ana nini zaidi ya pale anapokaa?

Alhamisi, 6 Februari
Asubuhi navunja kwa lundo langu, alasiri kwa lundo la Mize, asipoteze nafasi. Tabu moja — kokoto za Mize ni ndogo, zote sawasawa. Zangu kubwa kubwa, na Kheir anazijua. Basi navunja polepole, kama yeye. Mgongo sina. Sasa ndiyo najua kwa nini hurudi kwake kajishika kiuno.

Jumamosi, 8 Februari
Kheir kaokota kokoto moja, kaigeuza. Lundo limekua, lakini nani kavunja? Nikasema Mize, anakuja jioni. Wanawake wote wakasema Mize. Akacheka. Basi, akasema, Jumatatu aje avunje mwenyewe, amwone kwa macho yake. Mdomo wangu huu!

Jumapili, 9 Februari
Nimekwenda kwa Mize nikiogopa kufukuzwa.
"Karibu, bi mdogo. Nshapata habari."
Chai, na mkate wa kumimina — kaupika kwa mkono mmoja. Silima hatukumtaja, lakini sote tulikuwa naye pale. Nikala kwa haya, na bado nikaongeza kipande.

Kisha akataka nyundo. Kaishika kwa kushoto, jiwe likamkimbia. Mkono wa kulishikia ndio huo uliofungwa bandeji. Nikakaa chini, nikamshikia.
"Ondoa vidole, n'takuponda."
"Piga."
Akaniangalia sana. Akapiga. Tumevunja mpaka alasiri.

Sasa kapumzika kidogo, nami naandika hapa barazani kwake. Naiogopa kesho. Kheir kasema avunje mwenyewe — hakusema jiwe lishikwe na nani.

Ananiita, kachagua jiwe jingine. Kubwa. Vidole bado ninavyo vyote.