Chumvi na Kikohozi

3 Machi

Mdogo wangu,

Salamu nyingi. Afya yako inaendeleaje? Miguu bado inakuvimba kwa kusimama dukani kwako kuuza dawa? Mimi namshukuru Mungu, sikohoi tena. Lakini mdomo wangu umekufa, na aliyeuua ni wewe.

Vidonge ulivyoniletea vimeninyang'anya ladha. Chumvi siisikii, sukari siisikii, maji yana ladha ya kitasa. Mimi, mpishi wa kantini ya kiwanda! Jana nilionja maharage, nikaona yamepooza, nikaongeza chumvi. Nikaonja, nikaongeza tena. Mafundi wakatema. Mmoja akauliza, "Mama Mapishi, leo umetupikia bahari?" Wakacheka mpaka wakapiga meza. Msimamizi hakucheka. Kasema mwezi ukiisha niwe na ulimi, au nimrudishie aproni yake.

Kwanza ulinitoa chumbani kwa mama, eti kikohozi changu kitamwambukiza, akakata roho mimi niko koridoni. Sasa unanitoa jikoni. Nieleze umenilisha nini.

Dada yako

10 Machi

Dada,

Shikamoo. Miguu yangu haikuhusu.

Sikukulisha sumu. Daktari wako aliandika dawa, mimi nilileta tu. Kila chembe hai ya mwili ina akiba yake ya nguvu, kama mafuta ndani ya taa. Chembe ikikwaruzwa, mafuta yale humwagika nje, na mshipa wa fahamu ulio jirani ukiyahisi hupiga kelele: kuna jeraha hapa, kohoa! Ni ujumbe mwema. Huo huo huisaidia damu kuganda, na hukuambia kibofu kimejaa. Lakini koo lako limezidisha, linapiga kelele hata kwa vumbi la unga. Kidonge kinauziba mshipa masikio. Bahati mbaya, ulimi nao hutumia ujumbe ule ule kusema "hii chumvi". Ukiziba huku, umeziba na kule.

Nilianza kukueleza haya mlangoni kwako. Ukanikata kauli: "Niambie tu, ina pombe?" Nikasema haina. Ukasema, "Basi, mengine namwachia Mungu," ukameza mbele yangu. Sasa mbona unayaleta kwangu?

Mwambie daktari akuachishe, ulimi utarudi. Kikohozi pia. Na mambo ya mama usiyatie kwenye chungu hiki.

Mdogo wako

2 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba, ingawa shikamoo yako ilikuwa ya baridi kama chai ya jana. U mzima lakini?

Nimeachishwa. Siku ladha iliporudi, nilionja mchuzi nikasikia umechacha. Nikamshukuru Mungu kwa mchuzi uliochacha. Sijui kama amewahi kupata shukrani ya namna hiyo. Furaha haikukaa. Nilikohoa juu ya sufuria, foleni nzima inanitazama. Msimamizi akanishika kiwiko: "Nje." Sasa nasugua masufuria uani, na hata hiyo kazi kanipa kwa huruma.

Alivyosema "nje", nilikuona wewe, umeshika kitasa cha mlango wa mama. Basi nakuuliza tena, nilivyokuuliza tangu mazishi: mama alisema nini mwisho? Ulikuwemo. Mimi sikuwemo.

Dada yako

30 Aprili

Mdogo wangu,

Salamu. Hujajibu. Kimya nacho ni jibu, lakini si la mtu aliyelelewa na mama yule.

Dada yako

19 Mei

Dada,

Shikamoo. Umelitaka, lichukue.

Nilikuwa nimemshika mkono. Maji nilimpa mimi, mito nilimgeuzia mimi. Wewe ukakohoa huko nje. Mama akafumbua macho, akasema, "Yupo." Akautabasamia mlango, si mimi. Hakusema tena. Neno lile ni lako, mimi sikuachiwa langu. Ndiyo maana nilikaa nalo, na sikuombi radhi.

Nimezungumza na daktari wako. Kuna kipimo kidogo zaidi cha dawa ile ile. Wengine hubaki na ladha, wengine hawabaki. Kamwone, usijikatie vidonge mwenyewe. Na safari hii sikiliza mpaka mwisho.

Mdogo wako

8 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba. Miguu haijambo? Uliniambia hainihusu, nauliza vilevile.

Barua yako niliisomea uani, mikono ina povu. Nilikuchukia, wallahi, mpaka nikakaa juu ya sufuria lililopinduliwa nikalia kama mtoto. Neno moja tu! Neno moja, nawe ukalifungia kabatini kama dawa ya hatari.

Kwa daktari nilisikiliza mpaka mwisho, ndipo nikauliza kuhusu pombe. Kipimo kidogo kimenikubali nusunusu: nakohoa kidogo, na chumvi naisikia kama mtu anayenong'ona chumba cha pili. Msimamizi kanirudisha kwenye maharage kwa majaribio. Fundi yule wa bahari ndiye anayeonja kabla hayajatoka. Jana kasema, "Bahari imekauka, Mama Mapishi. Sasa ni mto tu." Nimelichukua kama sifa.

Sijakusamehe. Namwomba Mungu anifikishe huko, naye ananiendesha polepole. Ila Jumapili njoo ule kwangu, uniambie ukweli wa chumvi, maana kwa chakula hujawahi kunidanganya. Ukinyamaza tena, nitakuja kusimama nje ya duka lako nikohoe mbele ya wateja wako, mpaka na wewe useme neno lile.

Nijibu mapema, nijue niloweke maharage kiasi gani.

Dada yako