Kifuko Namba Kumi na Nne

Wewe uliyeokota daftari hili, nakuomba usimsomee mtu hata mstari mmoja. Naogopa.

Jumatatu, 4 Novemba
Kazi ya karani wa uchimbaji, kama kawaida. Udongo wa shimoni kwenye pipa la maji, mbegu zilizoungua zikaelea, nikazikinga kwa kitambaa, nikakifunga kuwa kifuko. Ulezi. Punje nyeusi, ndogo kuliko kichwa cha pini, za watu waliolima hapa Daa zamani mno. Kifuko namba 14 ndicho pekee kilichotoka tabaka la chini kabisa la shimo. Kwa ukungu huu hakuna kinachokauka. Nimevining'iniza vyote jikoni kwa Mama Paskali, mwenye shamba tunalochimba.

Jumatano, 6 Novemba
Namba 14 hakipo. Mama Paskali haoni kosa. "Mwanangu, ulezi kwenye kitambaa juu ya moshi ni mbegu. Mvua imenyesha, nikakusaidia kusia." Akacheka, akasema sisi wa Marangu tunajua migomba tu. Nilitaka kulia.

Alhamisi, 7 Novemba
Nimejaza mkaa wa jikoni kwenye kitambaa kingine. Nimeandika 14. Dokta, mkuu wetu, amesifu mwandiko wangu. Vifuko vinaondoka Ijumaa ijayo kupimwa umri. Mkaa wa juzi ukipimwa, shimo zima litaonekana la juzi. Watu wale watakuwa hawakuwahi kuwepo. Nitakuwa nimewafuta mimi.

Jumanne, 12 Novemba
Ulezi umeota.

Haiwezekani. Punje iliyoungua ni mkaa. Nilijiambia ni magugu, lakini magugu hayajipangi. Mama Paskali alisia kwa kutawanya, nyuma ya jiko lake. Miche imetoka kwa mistari, imepinda kidogo. Nimepima kwa hatua. Nafasi kati yake ni ileile ya mistari ya mawe waliyoiacha watu wale shimoni, ng'ambo ya kilima, ambako yeye hajawahi kushuka.

Hacheki tena. "Karani, mimi sikupanda hivi."

Jumatano, 13 Novemba
Sijala. Sijapita kule.

Alhamisi, 14 Novemba
Nimemwambia Dokta yote. Aliomba funguo za stoo. Kazi yangu imekwisha. Miche hakutaka kuiona. Mbegu zimeungua, alisema, haziwezi kuota. Kabla ya kukabidhi rejista nilimwaga ule mkaa, nikafuta uongo wangu, na mbele ya namba 14 nikaandika: imepandwa.

Jumamosi, 16 Novemba
Mvua ndogo. Kimya. Nimelala vizuri.

Anayenitafuta asiende kambini. Apite kanisani Daa, ashuke hadi kwenye jiko lenye ua wa minyaa, aulizie binti wa Marangu anayepalilia ulezi. Asikanyage mistari.