Nguzo Mbili Kupitia kwa Shemeji

Jumapili, 4 Mei

Nyumba imeezekwa. Fundi wa paa kaondoka, na mume wangu kapandishwa cheo — na nafsi yake mwenyewe. Tangu asubuhi ni injinia wa umeme. Ana penseli, ana rula, na ana simu inayomfundisha kila kitu isipokuwa kunyamaza.

Soketi thelathini na moja! Nimehesabu mara mbili. Sebuleni peke yake saba. Nimeuliza za nini. Za vitu vya baadaye. Vitu gani? Eti umeme haupangwi kwa kuangalia leo. Na bafuni kaweka moja. Hiyo sikuuliza. Yako majibu ambayo mke anaweza kuishi bila kuyajua.

Bandani: sifuri. Banda langu, ambalo ndilo lililonifanya nikubali kuja huku. Miaka sita nimetotolesha vifaranga kwenye korido ya nyumba ya kupanga, mayai sitini kwa mkupuo, wapangaji wenzangu wakiruka mashine kama wanavuka mtaro. Tukakubaliana: yeye ajenge kwenye shamba la marehemu baba yake, mimi nipate banda na mashine mbili kubwa. Kwenye mchoro wake banda ni kiboksi kitupu. Ndani kaandika "kuku".

Ahsante, Injinia.

Jumanne, 6 Mei

Fundi umeme kaja. Mwanamke, umri kama wangu, penseli imechomekwa kwenye kilemba. Mume wangu kamsalimia vizuri, kisha akachungulia nyuma yake barabarani.

Fundi mwenyewe yuko njiani?

"Ameshafika, mzee. Ngazi iko wapi?"

Nimempenda papo hapo.

Kauangalia mchoro wa soketi thelathini na moja kwa heshima kubwa, kama mtu anayeonyeshwa picha ya mtoto asiye mzuri. Kisha akaugeuza na kuchora wake nyuma yake. Akauliza tutatumia nini: pasi, friji, pampu ya kisima. Na kule bandani?

"Taa moja tu," kasema Injinia. "Ya kufukuza giza."

Nikamtajia mwenyewe: mashine mbili za kutotolesha, usiku na mchana, siku ishirini na moja bila kuzima. Taa za joto za vifaranga. Feni. Fundi akaandika, akapiga hesabu, akatutazama. Banda linahitaji umeme mwingi kuliko nyumba!

Uso wa mume wangu! Ningekuwa na kamera. Akapendekeza tuvute waya wa ekstensheni kupitia dirisha la jikoni.

"Ekstensheni ni ya kunyooshea shati, mzee. Si ya kulelea vifaranga mia tano. Itawaka — na si kwa maana ya taa."

Ijumaa, 9 Mei

Mchoro umekamilika. Mita ukutani mbele. Waya mnene utapita chini ya ardhi mpaka bandani, na banda litakuwa na swichi kuu yake, likileta matatizo lizimwe bila kuzima nyumba. Soketi za nyumba kumi na nne. Ya bafuni imefariki dunia. Mfiwa hajala vizuri.

Jumatatu, 12 Mei

Leo kaja mpimaji wa shirika la umeme. Kijana mpole, buti safi mno kwa kazi yake. Kazunguka, kapima, kapigilia vigingi viwili vyekundu, kisha akanyoosha mkono.

"Nguzo ya mwisho ile pale. Zinahitajika mbili tu, zipite kwa jirani huyu. Akisaini fomu ya ridhaa, tumemaliza. Mnaelewana naye?"

Mnaelewana naye!

Jirani huyu ni shemeji yangu. Kaka mkubwa wa mume wangu, tumbo moja, ziwa moja. Hawajasemezana miaka kumi na moja. Baba yao alipofariki sisi tulikuwa mbali, na daraja lilikuwa limebebwa na mvua. Kaka mtu akasema kwa simu: njoo, nakusubiri. Mume wangu akafika siku ya nne — akakuta kaburi. Alimtukana kaka yake mbele ya waombolezaji wote, maneno ambayo siyaandiki hata humu. Kaka hakujibu neno. Mpaka leo.

Na sasa tumejenga ua kwa ua. Mlango wetu wa mbele unatazama upande mwingine kabisa, kwenye vichaka. Eti kwa ajili ya upepo.

Mpimaji katuachia fomu. Mume wangu kaipokea kwa vidole viwili.

Jumanne, 13 Mei

Injinia kabadilisha fani. Umeme wa nguzo ni wa kizamani, dunia yote imehamia kwenye jua. Kampigia fundi umeme kumwelimisha. Fundi akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema jua linafaa sana kwa taa na redio. Ila kwa mashine za joto zinazofanya kazi usiku kucha atahitaji betri za kujaza chumba cha kulala.

Mume wangu akauliza chumba kikubwa au kidogo.

Alhamisi, 15 Mei

Leo ni njia ya bondeni. Nguzo zizunguke huko, zisiguse shamba la mtu. Mpimaji kajibu kwa simu: bonde hujaa maji, hawasimiki nguzo humo. Mume wangu kamwita mvivu, alipokwisha kata simu.

Fomu iko chini ya redio. Anaifuta vumbi redio, fomu haioni.

Jumamosi, 17 Mei

Nimekwenda mwenyewe. Nimeaga naenda kusaga.

Shemeji nilimkuta anapukuchua mahindi barazani. Kazeeka! Mabega ni ya mume wangu yaleyale, na anakohoa kwanza kabla ya kusema, vilevile. Kanikaribisha, kaniuliza wanangu pacha wanaendeleaje, kataja na majina yao. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi. Kwa upole sikuwa nimejiandaa.

Nikamweleza habari ya nguzo.

"Shemeji, hata kumi ziwekwe. Shamba lenyewe la baba yetu. Lakini fomu ailete yeye. Siwezi kusaini karatasi ya mdogo wangu kama mtu baki."

Nikavuta hindi moja, nikamsaidia. Naye akaendelea kupukuchua. Kisha akaniambia, bila kuniangalia, jambo ambalo kwa miaka kumi na moja hakumwambia mtu.

Umeme ulikatika. Mvua iliyobeba daraja iliangusha na nguzo. Chumba cha maiti hospitalini hakikuwa na baridi siku tatu. Siku ya tatu wakamtumia mtu: mzee, mchukue baba yako leo, tafadhali, leo hii. Simu yake ilikuwa imezima tangu juzi yake, angechaji wapi? Akamwosha baba yake mwenyewe. Hakutaka mwingine amwone alivyokuwa.

"Yeye alimwona baba mara ya mwisho anacheka, kituoni, siku mlipoondoka. Nikasema abaki na huyo."

Nikamuuliza kwa nini hukusema, shemeji?

"Alinitukana kabla hajaniamkia."

Akaniomba nisimwambie. Asikie kwake, au asisikie.

Nimerudi bila unga. Mume wangu hakugundua. Alikuwa anasoma habari za vinu vya upepo.

Jumatatu, 19 Mei

Siku mbili nimefunga mdomo. Najua, hakuna ambaye angeamini. Nikimtazama anavyokula, nataka kumwambia. Nikimtazama anavyoeleza vinu vya upepo, nataka kumpiga na sahani. Upepo wenyewe hapa hauwezi kukausha soksi.

Jumatano, 21 Mei

Mpimaji kapiga simu. Fomu ifike ofisini Ijumaa kabla ya saa kumi jioni. Isipofika, faili letu linarudi mwisho wa foleni, labda mwakani.

Nikavunja nusu ya ahadi. Nilimwambia mume wangu kwamba nilikwenda kwa kaka yake.

"Ulikwenda kwake? Nyuma ya mgongo wangu?"

Nikamwambia mbele ya mgongo wake hapapitiki. Nikamwambia kaka yake yuko tayari kusaini, ila fomu aipeleke mwenyewe. Na nikamwambia, sikupaza sauti: mashine zangu zimekaa kwenye maboksi mwezi mzima. Mimi nitarudi kwenye korido yangu. Yeye abaki hapa na soketi kumi na nne na mlango unaotazama vichaka.

Hakusema kitu. Mwanaume wa maelezo! Katoka, kakaa juu ya rundo la mchanga mpaka chai ikapoa.

Nikamletea nyingine.

"Alisema ananisubiri," kaniambia. Sauti ya mtoto kabisa. Kumbe miaka yote hiyo ni neno hilo moja tu.

Sikumwambia. Nilishika mkono wake wenye mchanga. Nimekaa naye.

Ijumaa, 23 Mei

Saa nane na nusu mchana. Kanyoa. Kavaa shati jeupe. Nikamuuliza unakwenda wapi. Eti kukagua vigingi. Vigingi siku hizi hukaguliwa kwa shati jeupe! Fomu iko mfukoni, naiona ncha yake. Nimemwambia sawa, kagua vizuri.

Saa tisa. Niko mlangoni mwa banda, nimekalia ndoo, daftari gotini. Kaka mtu katoka na jembe. Wamesimama kigingini, huyu huku, yule kule. Simsikii mtu. Mume wangu anaonyesha nguzo. Halafu anaonyesha kigingi. Halafu nguzo tena. Anamfundisha umeme!

Saa tisa na dakika ishirini. Wamepaza sauti. Nimesikia "daraja". Nimesikia "ulisema". Kaka kalitupa jembe — chini, si kwake. Nimesimama. Sasa ni kaka anayesema, yeye peke yake. Anasema taratibu na mikono yake inaosha kitu ambacho hakipo.

Mume wangu kakaa chini. Na shati lile jeupe, kwenye udongo uliolowa mvua ya jana.

Saa tisa na nusu. Kaka naye kakaa. Mabega manne yaliyofanana. Fomu iko katikati yao kwenye nyasi, mmoja kaiwekea jiwe isipeperuke. Kalamu hakuna. Injinia kasahau kalamu!

Ninayo mimi, ndiyo hii ninayoandikia. Ni hatua mia moja hivi. Saa kumi kasoro ishirini. Ofisini ni robo saa kwa pikipiki, nikienda sasa tunawahi.

Mpimaji anapiga. Simu inanitetemekea mfukoni.

Mume wangu kajifunika uso kwa mikono yote miwili. Kaka yake kamshika kisogo, kama unavyomshika mtoto unayemwosha.

Simu inaita tena. Siondoki hapa.