Mjane Anayetupa Maziwa

Mwenzangu wee, acha unachofanya! Mama Kamusi wetu wa darasa la tano kaumbuka mbele ya mkaguzi, na wala hajijui!

Si unajua anavyofundisha msamiati wa Kiingereza? Kila mtoto anakariri neno moja tu na maana yake, basi. Mgeni akija, yeye anataja maneno kwa kufuata viti, watoto wanajibu kama kasuku, kichwa kinamvimba.

Sasa leo mtoto wa kiti cha tatu anaumwa. Ili pengo lisionekane, kawasogeza wote wa nyuma yake kiti kimoja mbele, maneno kayaacha vilevile!

Akauliza, "Mjane ni nani?" Mtoto kasimama wima: "Ni mnyama anayetupa maziwa." Kwa Kiingereza safi kabisa! Akauliza ng'ombe. "Ni chombo cha kuchemshia maji." Na yeye anatabasamu tu, "Vizuri sana, kaa." Hasikilizi hata!

Mimi nyuma ya darasa nasema moyoni, leo ni leo. Mkaguzi kapiga makofi. Mjane anatoa maziwa, na mtu mzima na tai yake anapiga makofi!

Eti kaagiza Jumatatu Mama Kamusi atufundishe mbinu yake sisi walimu wenzake. Kiti changu ameshanipangia.